William Denning, Mwandishi wa Vimondo

Watu wengi wakuu tunaosoma habari zao walisaidiwa na fedha, vyuo vikubwa na vyombo vya thamani. Lakini wako wengine ambao mali yao ilikuwa macho mawili, kalamu na daftari, pamoja na uvumilivu usiokwisha. Mmoja wao alikuwa Mwingereza aitwaye William Frederick Denning, aliyefariki mwaka 1931. Hakuwa mwalimu wa chuo kikuu, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mtunza hesabu katika mji wa Bristol. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini, mtu yeyote duniani aliyetaka kujua habari za vimondo ilimpasa asome maandishi yake.

Kabla ya kusimulia maisha yake yafaa tukumbushane kimondo ni kitu gani. Kila mmoja wetu amepata kuona usiku kitu kama nyota kikichomoka, kikakata mbingu kwa mstari wa moto, kikatoweka kabla ya mtu kumwonyesha mwenzake. Wazee wa pwani husema kuwa hilo ni kombora wanalotupiwa mashetani wanaopanda kusikiliza mambo ya mbinguni. Wataalamu wa nyota hutueleza kuwa ni chembe ndogo, mara nyingi haizidi punje ya mchanga, iliyokuwa ikizunguka Jua katika anga tupu. Chembe hiyo inapoingia katika hewa yetu kwa kasi kubwa mno, huwaka na kuisha ingali juu sana, kiasi cha maili sitini kutoka ardhini. Mara chache huja jiwe kubwa lisiloweza kuisha njiani, nalo huanguka chini, kama kile kimondo cha Mbozi huko Tanzania ambacho watu wengi wamekwenda kukitazama.

Vimondo vya namna moja moja huonekana usiku wowote. Lakini ziko siku maalumu za mwaka ambapo huja vingi pamoja, na hapo husemwa kuwa ni mvua ya vimondo. Kujua siku hizo, kujua vimondo hivyo vyatoka upande gani wa mbingu, na kujua kama vimezidi au vimepungua, ndiyo kazi aliyojitwika Bwana Denning tangu ujana wake mpaka uzee wake.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1848 karibu na mji mdogo wa Radstock, katika jimbo la Somerset, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa na kazi ya hesabu, na baadaye jamaa ile ikahamia Bristol, mji mkubwa wenye bandari, ulio karibu. Huko ndiko William alikokulia, akafanya kazi, akazeeka na kufa. Alijifunza kazi ya baba yake, akawa mtu wa vitabu vya hesabu. Bila shaka kazi ile ilimfundisha tabia ambayo baadaye ilimfaa sana, yaani kuandika kila kitu mahali pake, kwa tarehe yake, bila kuongeza wala kupunguza.

Msidhani kuwa alikuwa kijana wa kujifungia ndani tu. Alipenda michezo, hasa kriketi, na inasimuliwa kuwa W. G. Grace, mchezaji aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika Uingereza ya siku zile, alimtaka awe mlinda wiketi wa timu ya jimbo la Gloucestershire. Kama Denning angalikubali, labda jina lake lingalijulikana kwa wapenzi wa mpira peke yao. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kwenda kwingine.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Novemba mwaka 1866, watu wa Ulaya waliona jambo ambalo wengi wao hawakuliona tena maishani. Vimondo vilimiminika kwa maelfu, vyote vikionekana kutoka katika kundi la nyota liitwalo Simba. Wataalamu walikuwa wametangaza mapema kuwa huenda mvua hiyo ikaja, kwa sababu ilikuwa imekuja Amerika mwaka 1833, na kabla yake mwaka 1799, yaani kila baada ya miaka thelathini na mitatu hivi. Denning alikuwa na miaka kumi na saba, naye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupenda elimu ya nyota. Mwaka ule ule mtaalamu wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alionyesha kuwa vimondo vya mwezi wa Agosti vyapita katika njia ile ile ya nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1862. Basi ikafahamika kuwa vimondo ni vumbi linaloachwa nyuma na nyota zenye mkia, kama vile lori liachavyo vumbi katika barabara ya udongo. Dunia yetu huikata barabara hiyo kila mwaka katika tarehe ile ile, na ndiyo sababu mvua hizo hurudi kila mwaka.

Habari hizo zilikuwa mpya kabisa, na kazi iliyobaki ilikuwa kubwa. Nani angekaa nje usiku baada ya usiku na kuandika? Vyuo vyenye darubini kubwa havikuwa na nafasi, na tena darubini haifai kitu kwa kazi hiyo, kwa kuwa huonyesha sehemu ndogo tu ya mbingu, na kimondo hakimngojei mtu. Chombo kinachofaa ni jicho. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa mtu asiye na mali.

Denning alianza kwa kuwakusanya wenziwe. Mwaka 1869, akiwa na miaka ishirini, alisaidia kuanzisha chama kidogo cha watazamaji wa nyota, akawa katibu wake. Mwaka huo huo aliwaomba wanachama walitazame Jua kila siku kwa muda fulani, kwa sababu baadhi ya mabingwa walisadiki kuwa iko sayari isiyojulikana karibu na Jua, nao walikuwa wamekwisha kuipa jina la Vulcan. Walitazama, hawakuona kitu. Leo twajua kuwa sayari hiyo haikuwako kamwe. Chama kile hakikudumu sana, lakini Denning alikuwa amejifunza jambo moja kubwa, yaani kwamba watu wengi wakitazama kitu kimoja kwa utaratibu mmoja, hata jibu la kuwa hakuna kitu ni jibu lenye faida.

Mwaka 1871 alipata darubini ya kioo yenye upana wa inchi kumi. Kwa darubini hiyo aliitazama sayari ya Mshtarii, akapima mwendo wa lile waa jekundu lililo juu yake, na akatafuta nyota zenye mkia. Alizivumbua tano kati ya mwaka 1881 na 1894. Ile ya kwanza, aliyoiona mwezi wa Oktoba mwaka 1881, huzunguka Jua kwa muda wa miaka tisa hivi, lakini baada ya hapo ilipotea, wala haikuonekana tena mpaka mwaka 1978 alipoiona Mjapani aitwaye Fujikawa. Siku hizi nyota hiyo hubeba majina yao wote wawili, ijapokuwa mmoja alikuwa amekwisha kufa miaka arobaini na saba kabla mwenzake hajaiona. Lakini darubini ilikuwa ni kazi yake ya pembeni. Kazi yake hasa ilikuwa vimondo.

Natusimulie jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, maana kila mwanafunzi aweza kuifanya. Mtazamaji hutoka nje usiku usio na mwezi wala mawingu, akakaa mahali pasipo na taa, akayazoesha macho yake giza kwa muda wa nusu saa. Kisha huitazama sehemu moja ya mbingu bila kupepesa huku na huku. Kimondo kikipita, papo hapo huinua fimbo iliyonyoka mbele ya macho yake, akaielekeza sawasawa na mstari wa kimondo, ili aone mstari huo ulipita kati ya nyota zipi. Hapo huchora mstari katika ramani ya nyota, akaandika saa na dakika, mwangaza wake ukilinganishwa na nyota zinazojulikana, kasi yake, rangi yake, na kama kiliacha moshi unaong'aa nyuma yake. Halafu hungojea kingine. Huenda kikaja baada ya dakika moja, huenda kikaja baada ya nusu saa.

Jambo hilo laonekana jepesi likielezwa katika karatasi. Lakini fikirini kulifanya katika nchi ya baridi kali, bustanini, bila moto wala paa, kuanzia jioni mpaka alfajiri, tena na tena, na asubuhi mtu anangojewa na vitabu vya hesabu za watu. Ndivyo alivyoishi Denning kwa miaka mingi.

Kulipokucha, kazi ya pili ilianza. Denning aliirefusha nyuma ile mistari aliyoichora, apate kuona inakutana wapi. Mtu akisimama katikati ya reli iliyonyoka, ataona vyuma viwili vyakutana mbali huko mbele, ijapokuwa yeye ajua wazi kuwa havikutani. Vimondo vya mvua moja hali kadhalika. Vyote vyaenda sambamba, lakini kwa macho yetu vyaonekana kutawanyika kutoka mahali pamoja mbinguni. Mahali hapo na tupaite chimbuko. Vimondo vya Novemba vina chimbuko katika kundi la Simba, na vile vya Agosti vina chimbuko katika kundi la Perseus, lililo upande wa kaskazini wa Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wanazijua sana. Kwa hiyo wataalamu huviita vya Agosti Perseid.

Perseid ndivyo vimondo vilivyompa Denning sifa ya kudumu. Kabla yake watu walidhani kuwa vimondo hivyo ni habari ya siku mbili tatu tu, karibu na tarehe 10 hadi 12 ya Agosti. Wengi walitoka nje siku hizo, wakahesabu, wakarudi kulala. Denning hakufanya hivyo. Alianza kutazama mwezi wa Julai, wakati vimondo ni haba, akaendelea mpaka mwisho wa Agosti, wakati watu wengine walikuwa wamekwisha kusahau. Kila usiku alipotafuta chimbuko aliliandika peke yake. Mwaka 1877 madaftari yake yalionyesha wazi kwamba chimbuko la Perseid halikai mahali pamoja. Mwishoni mwa Julai liko karibu na kundi la Cassiopeia. Katikati ya Agosti limefika Perseus. Baadaye huendelea mbele zaidi, na siku zote huhama kidogo kidogo kuelekea mashariki, kiasi cha digrii moja au zaidi kwa siku.

Kwa nini linahama? Mtu atembeaye katika mvua huona kwamba matone yanampiga usoni, hata ikiwa mvua inaanguka wima. Akigeuza njia, upande unaopigwa nao hugeuka. Dunia nayo haikomi kugeuza njia yake inapolizunguka Jua, kwa hiyo upande ambao vimondo vyaonekana kutoka hauna budi kugeuka vile vile. Hivyo daftari la mtunza hesabu mmoja wa Bristol lilitoa ushahidi kuwa vimondo vya majuma mengi ni vya mto mmoja mpana, nao Dunia huuvuka taratibu kwa majuma hayo.

Hakuifanya kazi yote peke yake. Aliandikiana barua kwa miaka mingi na Alexander Herschel, mjukuu wa yule William Herschel aliyeivumbua sayari ya Uranus. Watu wawili walio katika miji miwili wakikitazama kimondo kile kile, kila mmoja hukiona mbele ya nyota tofauti. Mwanafunzi aweza kulihakikisha jambo hilo kwa kuinua kidole mbele ya uso wake na kukitazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Kidole chaonekana kuhama. Wakijua maili zilizo kati ya miji yao, watazamaji hao waweza kupiga hesabu na kupata kimo cha kimondo kutoka ardhini, urefu wa njia yake, na kasi yake. Tena kila kilipopita kimondo kikubwa cha kutisha, Denning alikusanya barua za watu wa kila namna, waliokiona kwa bahati tu, akazichuja na kuzilinganisha mpaka akapata njia yake.

Heshima ilianza kumfikia. Mwaka 1891 alitoa kitabu juu ya kazi ya darubini, kitabu kilichowaongoza watazamaji wengi. Mwaka 1895 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpa tuzo, na mwaka 1898 Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota cha Uingereza kilimpa Nishani ya Dhahabu, ambayo ni heshima yake kubwa kabisa. Mwaka huo huo H. G. Wells alitoa riwaya yake mashuhuri juu ya vita vya watu wa Mirihi, na ndani yake akamtaja Denning kwa jina lake kama bingwa mkuu wa mawe yaangukayo kutoka angani. Kwa hiyo hata wasomaji wa hadithi walimjua.

Mwaka 1899 ulikuwa mwaka wa furaha kwake, na tena mwaka wa fadhaa. Furaha ilikuwa kutoka kwa orodha yake kubwa ya machimbuko ya vimondo, aliyoikusanya kwa kazi yake mwenyewe na kwa kazi za watazamaji wengine wa nchi mbalimbali. Ndani yake yalitajwa machimbuko 4,367. Fadhaa ilikuwa ile mvua ya Novemba. Miaka thelathini na mitatu ilikuwa imepita tangu usiku ule wa 1866, na magazeti yakawatangazia watu wakeshe waone maajabu. Mwaka huo Denning alikuwa ameshika usimamizi wa idara ya vimondo katika Chama cha Elimu ya Nyota cha Uingereza. Watu walikesha kwa makundi, wakaona vimondo vichache tu. Wengi waliudhika, na wataalamu wa nyota wakatahayari mbele ya watu.

Sababu yake haikuwa siri. Wataalamu wawili, Stoney na Downing, walikuwa wamepiga hesabu kabla ya siku ile, wakaonya kuwa mvuto wa Mshtarii na Zohali huenda umelisukuma lile wingu la vumbi kando ya njia ya Dunia. Onyo hilo halikusikika sana katika kelele za magazeti. Mvua kubwa ya kundi la Simba ilikuja kuonekana tena mwaka 1966, huko Amerika. Kwa mtu aliyetoka kutafuta tamasha, usiku wa 1899 ulikuwa hasara tupu. Kwa mtu mwenye daftari, uchache ule ulikuwa habari kamili, yenye kuandikwa kwa uangalifu ule ule ambao angaliandikia wingi.

Sasa yatupasa kusimulia jambo ambalo Denning alikosea, kwa maana maisha ya mtu yakisimuliwa kwa sifa tupu hayamfunzi msomaji. Katika kuzilinganisha karatasi zake za miaka mingi, Denning alisadiki kuwa ameona machimbuko mengine yasiyohama kabisa, bali hukaa mahali pale pale kwa majuma, hata kwa miezi. Jambo hilo lilikuwa la ajabu, maana lilipingana na yale yale aliyoyathibitisha yeye mwenyewe juu ya Perseid. Kama mwendo wa Dunia unageuka, chimbuko litakaaje bila kugeuka? Mabingwa wa hesabu walisumbuka sana kutafuta maelezo, hawakuyapata.

Baadaye mtaalamu wa Marekani, Charles Olivier, aliyekianzisha chama cha watazamaji wa vimondo nchini kwake mwaka 1911, alilipinga jambo hilo kwa nguvu. Alionyesha kuwa kosa lilitoka katika namna ya kukusanya. Kwa Perseid Denning alikuwa na vimondo vingi kila usiku, na kila usiku alilipata chimbuko lake bila kuchanganya. Lakini kwa mvua dhaifu alikuwa na vimondo viwili vitatu tu kwa usiku, kwa hiyo alivichanganya na vya usiku mwingine, hata vya majuma mengine, mpaka akapata vya kutosha. Mistari ikiwa mingi, lazima mingine itakutana kwa bahati. Olivier akasema kwamba chimbuko lazima litokane na vimondo vya usiku mmoja au siku chache zilizo karibu, na kanuni hiyo ndiyo iliyofuatwa na waliokuja nyuma. Mzee Denning hakukubali. Alishikilia rai yake mpaka mwisho, na mengi ya yale machimbuko 4,367 leo hayahesabiwi kuwa ya kweli.

Je, tuseme kazi yake ilipotea? Hasha. Aliyoyaona na kuyaandika yamebaki. Aliyoyadhani baada ya kuchanganya ndiyo yaliyoanguka. Tena watu waliweza kulijua kosa lake kwa sababu mwenyewe alikuwa ameandika tarehe na mahali pa kila jambo, bila kuficha, hata mtu mwingine akaweza kuzipitia hesabu zake na kuzisahihisha. Mwenye daftari safi akikosea, daftari lenyewe humsaidia anayekuja nyuma kulitengeneza kosa. Asiyeandika hawezi kusahihishwa, wala hawezi kusifiwa.

Maisha ya Denning uzeeni hayakuwa mepesi. Hakuoa, afya yake ikadhoofika, wala hakuwa na mali. Mwaka 1904 Serikali ya Uingereza ilimpa pensheni ya paundi 150 kwa mwaka kwa ajili ya kazi yake ya elimu ya nyota. Aliendelea kuishi Bristol katika nyumba ya kawaida, akipokea barua kutoka nchi nyingi na kuzijibu. Wala macho yake hayakuacha kazi. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1920, akiwa na miaka sabini na moja, alitazama kundi la Cygnus akaona nyota ambayo haikuwako hapo kabla. Watu wote duniani walikuwa na mbingu ile ile juu ya vichwa vyao, lakini mzee huyu ndiye aliyetambua kuwa imeongezeka nyota moja, kwa kuwa alizijua nyota kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Baada ya siku chache nyota ile mpya iliwaka sana, kisha ikafifia.

Umoja wa wataalamu wa nyota wa mataifa yote ulipoundwa, mwaka 1919, na kugawanywa katika kamati, Denning ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa kamati ya vimondo. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Bristol kilimpa shahada ya heshima, yeye ambaye hakupata kusoma katika chuo kikuu chochote. Alifariki tarehe 9 Juni 1931 mjini humo, akiwa na miaka themanini na miwili. Leo liko shimo kubwa katika Mwezi lenye jina la Denning, na jingine katika sayari ya Mirihi.

Baada ya kufa kwake vyombo vipya vilikuja. Tangu mwaka 1946 wataalamu wa Jodrell Bank huko Uingereza walianza kuvinasa vimondo kwa mitambo ya rada, hata mchana na wakati wa mawingu. Lakini mwanzoni hawakujua kwa hakika kuwa wanachokiona katika mitambo yao ni vimondo. Ilibidi wamwite Bwana Prentice, mwanasheria aliyekuwa mtazamaji hodari katika chama kile kile cha Denning, akae nje gizani na kutaja kila kimondo akionacho, ili walinganishe. Siku hizi ziko kamera zinazotazama mbingu usiku kucha, lakini watazamaji wa macho katika nchi nyingi bado wanahesabu na kupeleka hesabu zao.

Nasi tunayo nafasi yetu. Kwa sisi tulio karibu na Ikweta, Perseid huonekana usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti, hasa kuanzia saa tisa za usiku mpaka karibu na mapambazuko, upande wa kaskazini. Chimbuko lake kwetu liko chini kidogo, kwa hiyo hatuvioni vingi kama wanavyoviona watu wa Ulaya. Lakini ziko mvua zinazotupendelea zaidi. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba huja vimondo vya kundi la Mapacha, ambavyo chimbuko lake hupanda juu sana katika mbingu yetu kiasi cha saa nane za usiku. Pasipo na taa wala mbalamwezi, mtu mmoja aweza kuhesabu makumi kwa saa. Tena sisi hatuna baridi ya Bristol ya kututia ganzi vidole.

Tarehe hizo mara nyingi huangukia wakati wa likizo, wakati wanafunzi wako majumbani kwao, na vijiji vingi vina giza zuri kuliko miji mikubwa ya dunia. Wazazi wasishangae, basi, wakimkuta kijana wao amelala chali uani usiku wa manane, daftari kifuani na saa mkononi. Aandike tarehe, mahali, saa aliyoanza na saa aliyomaliza, hali ya mawingu, na kila kimondo kwa dakika yake. Akiona ishirini aandike ishirini, akiona viwili aandike viwili, na asipoona hata kimoja aandike hivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Bwana Denning kilijaa kwa namna hiyo hiyo, mstari mmoja mmoja, kwa miaka zaidi ya hamsini.